Mama Simamisha: Je, abadilishe diski zake 186?

Saa tatu asubuhi, fundi cherehani amepiga magoti mbele ya televisheni akiwa na rula mkononi, anampima mwanamke aliyeganda kwenye kioo. Anaanza na jicho. Kisha anahamisha rula hadi kwenye kola, anahesabu kimoyomoyo na kuandika kwenye daftari kwa penseli iliyochongwa mpaka ikabaki fupi kuliko kidole gumba.

"Kola yake ni macho mawili na nusu," anatangaza bila kugeuka. "Kifungo, nusu jicho."

Nyuma yake, kwenye kochi, mumewe ameshikilia rimoti kwa mikono miwili. Ni dereva wa lori aliyestaafu, na tangu aache usukani amepewa kazi moja tu humu ndani. Mkewe akisema "simamisha!" anabonyeza. Akichelewa kidogo, anaambiwa arudishe nyuma, na anaambiwa kwa sauti.

Neno hilo ndilo lililompa fundi huyu jina. Mtaa mzima unamwita Mama Simamisha, na wapo wateja wa miaka kumi wasiojua kama ana jina jingine. Ana umri wa miaka 54. Anashona nguo za kike katika sebule yake mwenyewe, cherehani ikiwa dirishani na televisheni pembeni, na karibu kila mtindo anaoushona ameutoa kwenye filamu.

Filamu zenyewe ziko kwenye makasha ya viatu chini ya meza ya kukatia. Ni diski 186, na hazikupangwa kwa majina. Kila kasha limeandikwa kwa kalamu ya wino mzito: SHINGO, MIKONO, KIUNO, MIGONGO, MAKOTI.

"Jina la filamu litanisaidia nini?" anauliza, akionekana kushangaa kweli. "Mteja haji hapa kuniambia anataka filamu. Anakuja kuniambia anataka mgongo."

Mteja akishachagua mgongo wake, diski inawekwa kwenye deki, inakimbizwa mpaka mahali panapohusika, inasimamishwa, na rula inaanza kazi. Kipimo chake ni jicho. Anasema jicho la mtu mzima, kutoka kona hadi kona, halipishani sana, ni kama inchi moja na robo. Ukishalijua jicho, umejua kifungo, umejua upana wa mkanda, umejua pindo limepanda kiasi gani. Mbinu hii hakufundishwa na mtu. Aliizua mwenyewe kwa sababu waigizaji, kwa maneno yake, hawaji kupimwa.

Sauti ya filamu huwa imezimwa, maana fundi anapenda redio wakati wa kazi. Kwa hiyo ndani ya nyumba hii watu wa kwenye filamu hawasemi, na hawatembei sana.

"Nimeishi na mwanamke huyu miaka thelathini na moja," mumewe analalamika, huku akijua fika kwamba atajibiwa. "Sijawahi kuona filamu ikiisha. Kuna bwana mmoja nimemwacha ananing'inia juu ya ghorofa tangu mwaka tulionunua kochi hili. Mpaka leo sijui kama alianguka."

"Alikuwa na koti zuri," mkewe anajibu.

Mwandishi alifika kwenye sebule hii na swali dogo tu: je, mtu mwenye filamu zake nyumbani apate hasara ya kuzinunua upya katika diski za picha safi, zile za ubora wa juu, au abaki na za zamani? Wauzaji wanasema ndiyo, lakini nani alishamsikia muuzaji akisema hapana? Ilionekana busara kumuuliza mtu anayeitazama picha kwa rula.

Kumbe swali hilohilo lilikuwa limemnyima fundi usingizi kwa miezi minne.

Lilianza na zawadi. Mwanawe wa kwanza, muuguzi katika mji mwingine, alikuja likizo na televisheni kubwa, deki mpya na diski safi tatu za filamu ambazo mama yake tayari anazo. Akamwambia mama aandike orodha ya zilizobaki, naye atakuwa akizinunua kidogokidogo mpaka makasha yote yaishe.

Si zawadi ndogo. Diski safi moja inauzwa kwa bei ambayo Mama Simamisha hulipwa akishona sketi mbili. Mumewe alishapiga hesabu kwamba mkusanyiko mzima ni sketi 372, na fundi akijitahidi sana anatoa nguo tano kwa wiki. Muuguzi anasema hilo si tatizo la mama. Kila Jumapili anapiga simu na kuuliza, "Mama, orodha iko wapi?" Na kila Jumapili mama anabadilisha mazungumzo.

Asubuhi hii amekubali kufanya jaribio mbele ya mwandishi. Deki ya zamani imeunganishwa na televisheni ya zamani, mpya na mpya, zimewekwa ubavu kwa ubavu juu ya kabati. Mumewe sasa ana rimoti mbili, na furaha yake haifichiki.

Ya kwanza, ambayo fundi hajaigusa tangu aletewe, ni filamu ya jumba la kifalme. Ndani yake kuna gauni la malkia wa karne nyingi zilizopita, limembana kiunoni na halionyeshi mlango wowote. Lilimshinda fundi kwa miaka sita. Alilikata mara tatu, na mara zote tatu hakuna binadamu aliyeweza kuliingia.

"Simamisha! Zote mbili!"

Kwenye televisheni ya zamani, ubavu wa malkia ni kivuli cha kahawia. Kwenye mpya, uzi unahesabika. Fundi anasogea mpaka pua inakaribia kugusa kioo, kisha anacheka mpaka anajishika kiuno.

"Zipu! Malkia amevaa zipu!"

Ni kweli. Chini ya kwapa la malkia, imepakwa rangi ifanane na kitambaa, kuna zipu ya kawaida kabisa ya dukani. Na mgongoni, mahali ambapo mwandishi asingeangalia hata kwa kulipwa, kuna pini mbili za kushikizia nguo iliyokuwa kubwa kwa mwigizaji. Miaka sita ya kujiona mjinga imeisha kwa sekunde kumi. Kwa malkia peke yake, diski safi imelipa.

Ya pili inawavunja moyo. Ni filamu ya zamani zaidi, na ukiziangalia televisheni zote mbili unatafuta tofauti bila kuiona. Sura ni zilezile, ukungu ni uleule, ila kwenye televisheni kubwa ukungu wenyewe umekuwa mkubwa. Fundi anaeleza kwamba kama wenye filamu hawakurudi kwenye mkanda wa asili na kuusafisha, diski mpya haiwezi kuonyesha kisichokuwemo.

"Wamebadilisha kasha," mumewe anatoa hukumu. "Zile sketi mbili zimeenda kununua kasha."

Inabaki ya tatu. Hapo fundi anasema kwamba labda kwanza tunywe chai. Mumewe anaangalia dari. Chai inaletwa, inanywewa, vikombe vinaoshwa na kukaushwa, na diski bado iko mezani.

Ili msomaji aelewe, lazima ajue habari ya mshono wa stesheni. Miaka kumi na moja iliyopita, katika nakala ya filamu ambayo nayo ilikuwa nakala ya nakala, fundi alimwona mwanamke amesimama kwenye stesheni ya treni akiwa na gauni la bluu nzito. Aliposimamisha picha, aliona kifuani mwa gauni mikunjo myembamba ya kulala upande, inashuka kutoka bega la kushoto kwenda kiunoni. Alihesabu 27. Hajawahi kuona kitu kizuri namna ile kwenye nguo.

Aliushona. Mteja wa kwanza alivaa kwenye harusi ya dada yake, na wiki iliyofuata wakaja wanne. Tangu hapo ameshona zaidi ya nguo mia nne za mtindo huo, kila moja na mikunjo 27, kila moja siku na nusu ya kazi ya kuinama. Mafundi wengine wameujaribu wakaishia njiani. Mshono huo ndio uliomlipia muuguzi ada ya chuo, na ndio maana muuguzi, alipochagua diski tatu za zawadi, hakuisahau hiyo.

"Alidhani ananifurahisha," fundi anasema. Sauti imeshuka. "Haya, mzee. Weka."

Kwenye televisheni ya zamani, mwanamke wa stesheni yuko vilevile alivyokuwa kwa miaka kumi na moja. Mikunjo ipo. Mwandishi anaiona kwa macho yake na angeweza kuapa.

Kwenye televisheni mpya, kifua cha gauni ni kitambaa kitupu. Hakina mkunjo hata mmoja. Mbele yake inashuka mistari myembamba ya kulala upande, na mistari hiyo haikomi kwenye gauni. Inapita kidevuni, inapita kwenye mkono, inapita kwenye sanduku alilolishika. Chini ya viatu kuna dimbwi, na kwenye bati la stesheni maji yanachuruzika.

Ni mvua.

Nakala ya zamani ilikuwa mbovu kiasi kwamba mvua yote ilimezwa na ukuta mweupe na giza la sketi, ikabaki pale tu taa ilipoangaza kifua. Mtu yeyote angeiachia picha itembee sekunde tano, hata kwa ubovu ule, angeona mistari inasogea. Lakini katika nyumba hii picha haiachiwi itembee. Sauti nayo ilikuwa imezimwa, kwa hiyo hata vishindo vya maji kwenye bati havikumfikia.

"Miaka kumi na moja nimeshona mvua," fundi anasema. "Watu wamenilipa, na mimi nimeshona mvua."

Siku alipogundua, alikaa chini na hakugusa cherehani mpaka kesho yake. Baadaye akaona jambo lenyewe lina kichekesho, akamsimulia karani mmoja wa benki aliyekuja kupunguzisha sketi. Karani huyo alikuwa amevaa mshono wa stesheni siku ya harusi yake. Fundi alitegemea wacheke pamoja.

"Hakucheka. Kisha akaniuliza, 'Kwa hiyo kwenye picha zangu za harusi nimevaa kosa?' Akachukua sketi yake akaondoka, na mpaka leo hajarudi."

Hapo ndipo orodha ilipokwama. Diski 186, na karibu kila moja imezaa nguo iliyo kwenye mwili wa mtu. Akizibadilisha zote, atajua ni wapi alipoona sawa na ni wapi alipoona mambo yake. Asipozibadilisha, hatajua, na sasa hivi kutojua kunamwasha mwili mzima.

Na kuna la haraka zaidi. Saa tano atakuja mwalimu mkuu anayestaafu, kujaribu nguo yake kwa mara ya mwisho. Sherehe ya kumuaga ni Jumamosi. Ameagiza mshono wa stesheni, na aliagiza kwa maneno ambayo fundi ameyaandika kwenye daftari na kuyapigia mstari: *sawasawa na kwenye picha*.

"Nikimwambia, anaweza kuikataa. Mwalimu huyu akiikataa, walimu wenzake wote wataacha kuja," anasema. "Nisipomwambia, nitakuwa nimemdanganya mtu huku najua. Zamani nilikuwa sijui."

"Usimwambie," mumewe anashauri. "Nguo ni nzuri. Anataka nini tena?"

"Wewe shika rimoti zako."

Mwalimu mkuu anafika saa tano kamili, kama mtu aliyezoea kupigiwa kengele. Anaingia chumbani, anatoka amevaa. Nguo ni ya kijani kilichokolea, na mikunjo 27 imelala juu ya kifua chake kana kwamba kitambaa kilizaliwa nayo. Anajigeuza mbele ya kioo. Hata mwandishi, asiyejua kola wala pindo, anaona kwamba mama huyu amependeza.

Fundi anazunguka naye akiwa ameuma pini tano. Anashusha bega, anavuta kiuno. Mwandishi anasubiri, mumewe anasubiri. Kisha fundi anatoa pini mdomoni moja moja, anazichomeka kwenye mto wake wa pini, na anapiga moyo konde.

"Dada mwalimu, kuna jambo. Hii mikunjo kwenye picha haimo."

Anaeleza yote. Hajitetei na haongezi chumvi. Akimaliza, anamwonyesha televisheni zote mbili, mwanamke yuleyule amesimama mara mbili kwenye stesheni ileile.

Mwalimu anaangalia moja, anaangalia na ya pili. Kisha anamgeukia mwenye rimoti. "Hebu iachie itembee, shemeji. Na sauti."

Mume anamtazama mkewe kuomba ruhusa. Mkewe anazima redio. Sebule inajaa mlio wa mvua juu ya bati, na mwanamke wa stesheni, baada ya miaka kumi na moja, anapangusa uso. Treni inafika. Watu wanashuka, wanakumbatiwa, wanaondoka. Yeye anabaki.

"Filamu hii niliiona nikiwa chuo cha ualimu," mwalimu anasema taratibu. "Walitundika shuka jeupe ukumbini. Huyo aliyekuwa anamsubiri hakushuka, na ukumbi mzima tulilia. Mdogo wangu, mimi nguo yako niliiona kwa mara ya kwanza kwenye harusi ya mpwa wangu. Nikasema, huyu fundi ni nani? Ameishona ile mvua!"

Hapo mlango ulikuwa wazi. Fundi angeweza kutabasamu, akapokea sifa, na hakuna ambaye angemsuta. Mumewe, kwa jinsi alivyokaza macho, alikuwa akimsihi afanye hivyo.

"Sikujua," fundi anasema. "Nilidhani ni mikunjo. Sikujua hata kama mvua inanyesha."

"Hukujua?"

"Wallahi sikujua. Sijawahi kuiachia."

Mwalimu anarudi mbele ya kioo. Anapitisha vidole juu ya kifua, mkunjo mmoja baada ya mwingine, mpaka kiunoni. Mwandishi amekaa mbele ya wakubwa wengi kusubiri jibu, lakini ni mara chache amesubiri jibu kwa hofu kiasi hiki. Anasubiri kwa niaba ya mtu asiyekuwa na uhusiano naye wowote.

"Basi mikono ibadilishe," mwalimu anasema.

"Imekosa nini?"

"Haina kitu. Mvua ile ilimnyeshea mwili mzima. Niwekee na mikononi."

Fundi anatoa macho. Sherehe ni keshokutwa. Mikono miwili ni mikunjo kama thelathini, na kitambaa kilichobaki si kingi. Analalamika kwa dakika nzima, analalamika kwa furaha ambayo haikuwepo chumbani tangu asubuhi, na wakati analalamika tayari ameshachukua chaki.

Mwalimu akishaondoka, Mama Simamisha anakaa kwenye kochi na kufungua ukurasa mpya wa daftari. Anaandika orodha ya muuguzi kwa robo saa tu. Ina diski tisa. Ni zile za nguo zilizomshinda, ambazo hajui zinafungwa wapi, bitana imeingiaje, au uzito wa pindo unatoka wapi. Kwa hizo, anasema, picha safi ina thamani yake na mtu asisite. Nyingine zote zibaki kwenye makasha.

"Kwa hiyo huko kwingine hutaki kujua?" mwandishi anamuuliza.

"Nataka sana. Lakini nikijua mapema nitashona cha kwao. Kwanza nishone ninachokiona mimi, halafu ndiyo nikaangalie."

Anaomba diski moja kutoka kasha la MAKOTI, na mumewe anaiweka kwenye deki ya zamani. Mwanamume anavuka barabara akiwa ameipa kamera mgongo. Simamisha. Katikati ya mgongo wa koti, chini kidogo ya mabega, kuna umbo jeusi lililopinda. Linaweza kuwa mfuko, linaweza kuwa kiraka, au kivuli cha waya tu. Watu watatu wanakodoa macho, na kila mmoja anaona lake.

Mumewe anakumbusha kwamba filamu hiyo nayo imeshatoka kwenye diski safi, aliiona dukani. Aiongeze ya kumi?

"Usiiandike." Fundi ameshatandaza karatasi ya kukatia sakafuni na anachora lile umbo kwa mkono, polepole, akilipa upana wa macho matatu. "Macho yangu yamebakiza miaka kumi ya kazi, labda kumi na miwili. Kabla hayajachoka, nataka nikosee vizuri namna ile mara moja tena."